Kufundisha katika shule za jeshi la Marekani ng'ambo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wa Afrika Mashariki waliohamia Marekani wakapata uraia na leseni ya ualimu, na vilevile na wake na waume wa wanajeshi. Machache hutoka kwa walimu walioko Kenya, Tanzania au Uganda waliosikia kwamba kuna nafasi. Wengi huanza kwa kuuliza mshahara, ingawa jambo linaloamua zaidi jinsi mwalimu atakavyoishi ni mahali alipokuwa siku alipoajiriwa, na ndiyo maana swali la 14 limepewa nafasi kubwa kuliko mengine.

## Misingi

1. Shule hizi ni zipi, na zinawasomesha nani?

Ni shule za serikali ya Marekani, kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari, zinazosomesha watoto wa wanajeshi na wa watumishi raia wa Wizara ya Ulinzi waliopangiwa kazi katika kambi zilizo nje ya nchi yao. Zinaendeshwa na idara ya wizara hiyo iitwayo kwa kifupi DoDEA, yenye makao makuu Alexandria, Virginia. Za kwanza zilifunguliwa mwaka 1946, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, familia za askari zilipoanza kuwafuata Ulaya na Asia. Leo idara hii ina shule zipatazo 160 katika nchi 11 za kigeni, pamoja na Guam, Puerto Rico na baadhi ya majimbo ya Marekani kwenyewe.

Mtaala ni wa Kimarekani na lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Katika mitihani ya taifa ya upimaji ya mwaka 2022, na tena mwaka 2024, wanafunzi wa shule hizi waliongoza nchi nzima katika kusoma na hisabati, darasa la nne na la nane. Anayedhani kwamba ni shule za pembezoni zinazomchukua yeyote aliyekosa kazi mjini atashangazwa na ushindani wake.

2. Ziko nchi gani?

Ulaya zipo Ujerumani, ambako ndiko nyingi zaidi (maeneo ya Kaiserslautern, Stuttgart, Wiesbaden, Grafenwöhr na Vilseck), Italia (Vicenza, Aviano, Naples na Sigonella), Uingereza, Hispania, Ubelgiji, Uholanzi na Uturuki. Asia zipo Japani, ikiwemo kisiwa cha Okinawa, na Korea Kusini, ambako shughuli nyingi zimehamia Camp Humphreys kusini mwa Seoul. Ipo pia Bahrain, na ipo Guantanamo Bay nchini Cuba. Barani Afrika hakuna hata moja.

3. Je, mwalimu anakuwa mwanajeshi?

Hapana. Mwalimu ni mtumishi raia wa serikali kuu: havai sare, hana cheo cha kijeshi na hatumwi vitani. Anachoshirikiana na askari ni lango la kambi, kitambulisho, maduka ya kambini na kanuni za nchi mwenyeji.

## Nani anaweza kuajiriwa

4. Je, ni lazima niwe raia wa Marekani?

Ndiyo, kwa nafasi za kawaida za ualimu ng'ambo. Grinikadi haitoshi, na viza ya kubadilishana walimu ya J-1, ambayo imewapeleka Wakenya wengi katika shule za majimbo ya Marekani, haikaribii kutosha. Kwa mwenye grinikadi, njia ni kusubiri uraia, ambao kwa kawaida huombwa baada ya miaka 5 ya ukaazi wa kudumu, au miaka 3 kwa aliyeolewa na raia au aliyemuoa raia na wanaishi pamoja. Wasiotarajia uraia huo waende moja kwa moja swali la 25.

5. Nina uraia wa nchi mbili. Je, ni kikwazo?

Kuwa na uraia wa pili peke yake hakumwondoi mtu kwenye kazi hii. Kinachomwondoa mtu ni kuuficha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili na Uganda pia inauruhusu kwa masharti yake, kwa hiyo raia wa huko waliojiandikisha Marekani wanaweza kuwa na pasipoti zote mbili na wanapaswa kuzitaja zote kwenye fomu za uchunguzi wa usalama. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Mtanzania aliyeapa kuwa Mmarekani ajitambulishe kwa uraia huo mmoja, na asiendelee kutumia pasipoti ya zamani iliyobaki kabatini.

6. Mume wangu ni mwanajeshi wa Marekani na amepangiwa Ujerumani. Mimi nina grinikadi tu. Nifanyeje?

Hali yako ni nzuri kuliko unavyodhani. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inampa mwenzi wa raia anayepelekwa ng'ambo kwa kazi ya serikali, akiwemo mwanajeshi, nafasi ya kuomba uraia bila kutimiza ile miaka 3 au 5, mradi awe tayari na grinikadi na aonyeshe kwamba anafuatana na mwenzi wake kituoni. Ushauri wangu ni kwamba amri ya uhamisho ikishatoka, ombi la uraia litangulie kabla ya hata kufungua fomu za ualimu. Uraia ukishapatikana, utakuwa katika kundi la wenzi wa wanajeshi wanaopewa upendeleo wa kisheria katika nafasi za kituo husika (tazama swali la 12).

7. Shahada yangu ni ya chuo kikuu cha Kenya au Tanzania. Inakubalika?

Inaweza kukubalika, baada ya kutathminiwa na taasisi ya Marekani inayotambulika kwa kulinganisha vyeti vya kigeni, kwa mfano World Education Services. Omba tathmini ya kozi kwa kozi. Tathmini ya jumla, inayosema tu kwamba shahada yako ni sawa na ya Marekani, haimwonyeshi mchambuzi wa leseni ni saa ngapi ulisoma hisabati na ni saa ngapi ulisoma mbinu za ufundishaji, na bila hizo hawezi kukupa sifa ya somo lolote.

Kuna sehemu moja ya kuangalia kwa makini. Transkripti nyingi za vyuo vyetu huandika mazoezi ya kufundisha kwa mstari mmoja, mara nyingine kwa vifupisho tu kama TP au BTP, na alama pembeni. Mtathmini asiyejua mfumo wetu anaweza kuupita mstari huo au kuuhesabu kama somo la kawaida, kumbe huko mazoezi yanayosimamiwa ni sharti linalojitegemea. Omba chuo kikupe barua inayotaja wiki ulizofundisha, shule uliyopangiwa na kwamba ulikaguliwa na wahadhiri, uipeleke pamoja na transkripti. Chuo kikichelewa kujibu, na huchelewa, afadhali ndugu aliye karibu afike ofisi ya usajili mwenyewe kuliko kuandika barua pepe ya tano.

8. Nina cheti cha Daraja la III A, au P1 ya Kenya, na uzoefu mrefu. Haitoshi?

Haitoshi. Shahada ya kwanza ndicho kiwango cha chini kabisa, hata ukiwa umefundisha tangu ujana wako.

9. Je, leseni ya jimbo ninalofundisha inatosha?

Inasaidia sana, lakini DoDEA hutoa leseni yake yenyewe. Hutazama shahada, masomo ya ualimu, mazoezi ya kufundisha na matokeo ya mitihani ya kitaaluma kama Praxis au mtihani unaolingana nayo wa jimbo lako. Mwenye leseni kamili ya jimbo na alama za mtihani zilizopita hufika mapema, kwa kuwa karatasi nyingi ameshazikusanya. Namba ya usajili ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, haichukuliwi kama leseni, ila barua ya utumishi kutoka kwa mwajiri wa nyumbani yenye tarehe kamili za kuanza na kuacha kazi inafaa kama ushahidi wa uzoefu.

10. Masomo gani yana nafasi zaidi? Kiswahili je?

Elimu maalumu, hisabati na sayansi ndiyo maeneo ambayo walimu hukosekana mara kwa mara. Mwalimu wa darasa la kawaida la msingi au wa maarifa ya jamii hushindana na watu wengi, wakiwemo wenzi wa wanajeshi walioko tayari kambini. Mwenye sifa mbili, kwa mfano kemia na elimu maalumu, aombe zote mbili zithibitishwe. Kiswahili si lugha ya nchi yoyote mwenyeji, kwa hiyo usijenge ombi lako juu yake. Kitaje kama lugha unayoimudu, kisha uendelee.

## Maombi

11. Maombi yanapelekwa wapi, na lini?

Walimu huomba kupitia mfumo wa maombi wa mtandaoni wa DoDEA yenyewe, ambao hupokea maombi mwaka mzima. Nafasi za utawala, makarani na wasaidizi wa darasani hutangazwa kwenye USAJOBS, tovuti ya ajira ya serikali kuu. Kwa mwaka wa shule unaoanza Agosti, faili lako linapaswa kuwa limekamilika mapema mwaka huo, Januari au Februari. Kukamilika maana yake ni transkripti zimo, leseni imo, alama za mtihani zimo na wadhamini wameshajibu. Faili lenye pengo moja halionekani kwa mkuu wa shule anayetafuta mtu, hata kama sifa zako ni nzuri kuliko za wote.

12. Nimeomba miezi mingi iliyopita na sijajibiwa. Nimekataliwa?

Si lazima. Nafasi hujazwa kwa mpangilio ambao mwombaji wa nje haoni. Kwanza hutazamwa walimu waliopo ambao shule zao zimepunguziwa wanafunzi, kisha wanaoomba uhamisho, kisha wenzi wa wanajeshi na waombaji wengine waliopo katika eneo hilo. Baada ya hapo ndipo waombaji walioko Marekani hufikiwa. Simu inaweza kuja Aprili, na inaweza kuja wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa, ikifuatwa na mahojiano mafupi na mkuu wa shule na kisha barua ya ajira kutoka ofisi ya rasilimali watu. Mkuu wa shule hawezi kukuajiri kwa maneno ya simu. Usimwandikie mwajiri wako wa sasa barua ya kuacha kazi kabla ya barua rasmi kufika.

13. Nichague vituo vingapi? Naweza kusema Ujerumani tu?

Unaweza, na utasubiri pamoja na wengine wote waliosema Ujerumani au Italia tu. Waliozoea kupangiwa vituo na TAMISEMI ya Tanzania watafurahi kwamba huku mtu huulizwa anapotaka kwenda, lakini uhuru huo una bei. Aliye tayari kwenda Misawa, kaskazini mwa Japani kwenye theluji nyingi, au Guantanamo Bay ambako huwezi kutoka kambini kwenda mjini, ana nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira ya kwanza. Hata hivyo, usitaje kituo ambacho hungekikubali. Kukataa ofa baada ya kuitaka ni kupoteza muda wa watu watakaokutana tena na jina lako.

## Mahali pa kuajiriwa, na fedha

14. Kuna tofauti gani kati ya kuajiriwa nikiwa Marekani na kuajiriwa nikiwa tayari ng'ambo?

Tofauti ni kubwa kuliko ya mshahara wenyewe. Mwalimu aliyeajiriwa akiwa Marekani husaini mkataba wa usafiri. Kwa mkataba huo serikali hulipia nauli yake na ya familia yake, hulipia mizigo, humpa posho ya makazi mradi atimize masharti, na humrudisha nyumbani muda wake ukiisha. Aliyeajiriwa akiwa tayari katika nchi ya kituo huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa hapo hapo. Anapata mshahara uleule wa jedwali, lakini kwa kawaida hapati posho ya makazi wala usafiri, na pango analipa kutoka mfukoni.

Hapa ndipo watu wengi huumia. Mwalimu anakaa Houston na anachoka kusubiri, rafiki aliyeko kambi ya Ramstein, Ujerumani, anamwambia kwamba shule inahitaji mtu haraka, naye ananunua tiketi na kufika kwa pasipoti ya utalii ili awe karibu. Akiajiriwa, kwa safari hiyo amejivua stahiki ambazo katika miji ya Ulaya au Japani huweza kuwa sehemu kubwa ya kipato chake halisi. Kuzirudisha baadaye ni vigumu, na mara nyingi haiwezekani. Zaidi ya hayo, mikataba ya hadhi ya majeshi kati ya Marekani na nchi mwenyeji haimtambui kila Mmarekani aliyeko nchini humo. Aliyeishi huko kwa kibali cha kawaida cha ukaazi, kwa mfano Mmarekani mwenye asili ya Kenya aliyefanya kazi Frankfurt kwa miaka kadhaa, anaweza kuhesabiwa kuwa mkaazi wa kawaida wa nchi hiyo na kukosa kabisa sifa ya ajira hizi.

Kwa mwenzi wa mwanajeshi hesabu ni nyingine. Nyumba yake imeshalipiwa kupitia kwa askari na usafiri wake umo kwenye amri ya uhamisho, kwa hiyo kuajiriwa hapo hapo hakumpunguzii kitu, na mara nyingi ndiyo njia fupi kuliko zote. Kama huna mwenzi wa namna hiyo, subiri ukiwa Marekani.

15. Mshahara hupangwaje?

Kwa jedwali linalotangazwa wazi. Upande mmoja ni kiwango cha elimu, kutoka shahada ya kwanza hadi udaktari, na hatua za saa za masomo ya ziada katikati. Upande mwingine ni miaka ya uzoefu. Sheria inataka viwango hivyo vilingane na wastani wa mishahara ya walimu katika miji ya Marekani yenye wakazi 100,000 au zaidi. Jedwali ni moja kwa walimu wa ng'ambo, uwe Naples au Okinawa. Tofauti ya gharama za maisha hufidiwa kwa posho. Hakuna kujadiliana mshahara kwenye mahojiano, na anayejaribu huonekana kwamba hakusoma.

16. Posho ya makazi inafanyaje kazi?

Hulipa pango pamoja na umeme, maji na joto, kulingana na gharama halisi hadi kikomo kilichowekwa kwa kila mji na kwa ukubwa wa familia. Si fedha ya kubaki nayo, kwa hiyo anayepanga chumba cha bei rahisi ili aweke akiba habaki na ziada yoyote. Utatakiwa kutoa mkataba wa pango na risiti. Kabla hujapata nyumba, kuna posho tofauti ya makazi ya muda inayoweza kufika siku 90. Katika baadhi ya vituo, Guantanamo Bay ikiwemo, serikali hutoa nyumba yenyewe, na hapo posho haipo.

Wiki za kwanza zinataka fedha taslimu. Ujerumani mwenye nyumba anaruhusiwa kisheria kudai amana ya hadi pango la miezi 3, na nyumba nyingi hukabidhiwa tupu kwelikweli: jikoni hakuna makabati, jiko wala sinki, na darini nyaya zinaning'inia pale ambapo taa zilikuwa. Wapangaji waliotangulia wameondoka na vyote. Mwajiriwa mwenye stahiki anaweza kuomba mshahara wa awali, hadi wa miezi 3, unaokatwa polepole baadaye. Uombe kabla ya kusafiri.

17. Nikiwa nje ya Marekani, sitalipa kodi ya mapato?

Utalipa. Msamaha unaowahusu Wamarekani wanaofanya kazi ng'ambo hauhusu mishahara inayolipwa na serikali ya Marekani, na kila mwaka kuna mtu anayeshauriwa vibaya na mtayarishaji kodi asiyelijua hilo. Posho ya makazi na ile ya gharama za maisha hazikatwi kodi. Kodi ya jimbo inategemea jimbo uliloacha.

18. Mizigo na gari je?

Kikomo cha jumla cha vyombo vya nyumbani ni pauni 18,000, karibu kilo 8,160, ingawa vituo vyenye nyumba zilizo na samani huweza kupewa kiasi kidogo zaidi. Gari moja husafirishwa kwenda vituo vingi, lakini siyo vyote. Japani watu huliacha gari nyumbani na kununua la mitumba kambini. Wasomaji waliokulia Dar es Salaam au Mombasa hawatapata taabu na usukani wa kulia.

## Karatasi zinazokwamisha watu

19. Majina yangu hayalingani kwenye vyeti na pasipoti. Nifanye nini?

Hili ni letu hasa. Cheti cha kidato cha nne kina jina la mtu na la baba, shahada imeongeza la babu, pasipoti ya Marekani imebaki na mawili, na ndoa imeleta jingine. Uchunguzi wa usalama hutaka kila jina ulilowahi kutumia, kwa hiyo yaorodheshe yote bila kuona haya. Kwa vyeti vya shule, andaa hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, uipe taasisi ya tathmini mapema, na hakikisha jina kwenye ripoti yake linalingana na lililo kwenye ombi lako.

20. Sikujiandikisha Selective Service nilipokuwa kijana. Ina uhusiano gani na ualimu?

Ina uhusiano wa moja kwa moja kwa wanaume, kwa kuwa ndiyo rejista ya wanaume wanaoweza kuitwa jeshini. Aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1959 na akaishi Marekani akiwa na umri wa miaka 18 hadi kabla ya 26, akiwemo mwenye grinikadi au mkimbizi, alitakiwa kuwa kwenye rejista hiyo, na ajira za serikali kuu huuliza. Aliyeingia nchini baada ya kutimiza miaka 26 hahusiki, wala aliyekuwa na viza halali ya muda, kama ya mwanafunzi, kwa kipindi chote hicho. Athibitishe kwa pasipoti na viza za zamani, usizitupe.

Aliyehusika na hakujiandikisha hawezi kulirekebisha hilo akishatimiza miaka 26. Anachoweza kufanya ni kueleza kwa maandishi, na kwa ushahidi, kwamba hakukwepa kwa makusudi. Aombe kwanza barua ya hali yake kutoka Selective Service, kwa sababu itahitajika kwa vyovyote.

21. Kuna wakala anayesema atanipatia nafasi Bahrain kwa ada ya usajili. Nimwamini?

Usimwamini. Kuomba kazi ya serikali ya Marekani ni bure kuanzia fomu ya kwanza hadi tiketi ya ndege, na DoDEA haitumii mawakala wa ajira wa Nairobi, Dar es Salaam wala Manama. Kwa vile kweli ipo shule ya DoDEA Bahrain, na kwa vile watu wetu wengi hupitia kwa mawakala kwenda Ghuba, jina hilo lina mvuto kwa matapeli. Tovuti halisi ya USAJOBS iko kwenye kikoa cha .gov na ya DoDEA iko dodea.edu, ingawa matangazo ya Facebook yanaweza kubeba nembo yoyote.

## Familia

22. Nani anahesabiwa kuwa familia yangu kwenye amri ya usafiri?

Mwenzi wa ndoa, watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, na kwa masharti, wazazi wanaokutegemea na kuishi nyumbani kwako. Mtoto wa marehemu dada yako unayemlea kama wako hahesabiwi kwa sababu ya malezi pekee. Panahitajika hati ya mahakama ya ulezi wa kisheria au ya kuasili. Barua ya mjumbe wa nyumba kumi au ya chifu haitamvusha. Anza mahakamani mapema, maana amri ikishatoka ni vigumu kumwongeza mtu.

Watoto walio kwenye amri ya mwalimu mwenye mkataba wa usafiri husoma bila ada katika shule hizo. Matibabu ni jambo jingine: hospitali ya kambi huwahudumia watumishi raia pale nafasi inapokuwepo, kwa malipo, kwa hiyo chagua bima ya watumishi wa serikali inayokubalika katika hospitali za nchi mwenyeji.

23. Mke wangu ana grinikadi. Akiishi nje zaidi ya mwaka haitafutika?

Kanuni za uhamiaji zinamlinda mwenzi au mtoto wa mtumishi raia wa serikali ya Marekani aliyetumwa nje kwa amri rasmi, hata kadi ikipita tarehe. Abebe nakala ya amri kila anaposafiri, kwa sababu karani wa shirika la ndege hataijua kanuni hiyo. Pia asome swali la 6, kwa kuwa njia ile ya uraia inamhusu na yeye.

## Baada ya kuanza

24. Nikitaka kuacha, au shule yangu ikifungwa, inakuwaje?

Anayeacha kwa hiari kabla ya kutimiza mwaka wa kwanza wa mkataba wa usafiri hudaiwa gharama za kumpeleka, na hujirudisha kwa nauli yake. Ugonjwa mzito au sababu nyingine iliyo nje ya uwezo wake, ikikubaliwa rasmi, humwondolea deni hilo.

Shule kufungwa si jambo la kinadharia. Machi 2016 familia za Wamarekani waliokuwa Incirlik, Uturuki, ziliamriwa kuondoka kwa sababu za usalama, na watoto walipoondoka hapakuwa na wa kufundisha. Katika hali kama hiyo mwalimu hutafutiwa kituo kingine, na ndiyo sababu mojawapo ya waombaji wa nje kusubiri foleni iliyoelezwa katika swali la 12. Kwa upande mwingine, kikomo cha miaka 5 cha kukaa ng'ambo, kinachowabana watumishi wengi raia wa Wizara ya Ulinzi, hakiwahusu walimu. Wapo waliostaafia huko huko.

25. Sina uraia wa Marekani wala sitarajii kuupata. Je, kuna mlango mwingine?

Upo mmoja mwembamba. Shule za msingi za DoDEA huwa na walimu wa lugha na utamaduni wa nchi mwenyeji, ambao huajiriwa kutoka wenyeji wa nchi hiyo. Mtu mwenye asili ya Congo au Burundi ambaye ni raia wa Ujerumani au Ubelgiji, na mwalimu aliyesomea huko, anaweza kuulizia nafasi hizo. Aliye Arusha au Kisumu hazimhusu.

Uingereza nayo ina shule za watoto wa wanajeshi wake chini ya Wizara ya Ulinzi, zikiwemo za Cyprus, Brunei na visiwa vya Falkland, na hufuata mtaala wa Uingereza. Wanaotakiwa ni walimu wenye sifa kamili ya kufundisha ya Uingereza, kwa hiyo wanaopaswa kuzitazama ni wale wa jamii yetu wanaofundisha tayari London, Leicester au Birmingham. Sharti la uraia na kibali cha kazi husomwa kwenye kila tangazo, kwa sababu nafasi za aliyetoka Uingereza na za aliyeko kituoni hutofautiana huko pia.